Miji au mafuta: ungekaa kwenye kiti cha Portal, ungechagua lipi?

Tarehe 25 Septemba 1944 amri ilitoka makao makuu ya Jeshi la Anga la Uingereza, London, kwenda kwa Arthur Harris, mkuu wa kamandi ya ndege za mabomu. Ilisema shabaha ya kwanza kuanzia sasa ni mafuta, yaani viwanda vya Ujerumani vilivyokuwa vikigeuza makaa ya mawe kuwa petroli. Harris aliipokea, akaitekeleza nusunusu, akaendelea na miji. Tarehe 1 Novemba alimwandikia mkubwa wake, Charles Portal, mkuu wa Jeshi la Anga, kwamba kati ya miji mikubwa 60 ya Ujerumani, 45 ilikuwa imekwisha kuharibiwa, na kwamba kasi yake ilikuwa miji miwili na nusu kila mwezi. Akaitaja iliyobaki, Magdeburg, Leipzig, Chemnitz, Dresden na mingine, kisha akauliza kama kazi kubwa namna hiyo iachwe wakati imekaribia kukamilika.

Barua zilipishana majira yote ya baridi. Portal alikuwa na subira, akieleza tena na tena kwa nini mafuta. Harris alijibu kwa ukali kwamba alishachoshwa na watu wanaokuja kila mwaka na dawa mpya ya kila ndwele: mwaka huu beringi, mwaka ujao mafuta. Mnamo Januari 1945 alifika mahali pa kusema kwamba kama haaminiwi, basi aondolewe.

Mjadala wa kupiga miji ya raia kwa kawaida huishia kwenye kauli mbili. Mmoja anasema vita ni vita, mwingine anasema kuua raia ni dhambi, na wote wawili wanaondoka kama walivyokuja. Katika barua hizi kuna kitu adimu zaidi. Nchi ni ileile, adui ni yuleyule, ndege ni zilezile, na njia mbili zilijaribiwa kwelikweli, moja pembeni ya nyingine. Baada ya vita Wamarekani walituma timu za wataalamu kuingia kwenye viwanda na miji iliyopigwa, kuhoji wakurugenzi, kukagua daftari za uzalishaji na kuhesabu. Anayetaka kujua yeye angesimama wapi ana mahali pa kuanzia.

Mimi ningechagua mafuta na reli. Niseme mapema kwamba siichagui kwa sababu ni njia safi, maana si safi hata kidogo.

Walifikaje kwenye miji

Ni rahisi kumfanya Harris kuwa chanzo cha yote, na si kweli. Uingereza iliingia vitani ikisema itapiga shabaha za kijeshi tu. Waziri Mkuu Chamberlain alikuwa ameliambia Bunge mwaka 1938 kwamba kuwapiga raia kwa makusudi ni kinyume cha sheria ya mataifa. Ndege zilipoanza kwenda Ujerumani mchana, zilitunguliwa. Zikahamia usiku, na usiku hazikuona kitu.

Kiasi cha kutoona huko kilijulikana Agosti 1941. Ofisa wa serikali aitwaye Butt alipewa mamia ya picha zilizopigwa na ndege zenyewe wakati wa kuangusha mabomu. Akakuta kwamba kati ya ndege zilizodai kufika kwenye shabaha, moja tu kati ya tatu ilikuwa imefika ndani ya kilomita nane. Juu ya Ruhr, bonde la viwanda lililojaa moshi, ilikuwa moja kati ya kumi. Fikiria kilomita nane kutoka mahali ulipoketi sasa: ni kitongoji kingine kabisa, pengine ni shamba la mtu.

Jeshi la Anga lingeweza kusoma ripoti ile na kusema kwamba silaha hii bado haifanyi kazi inayodaiwa. Lilisema jambo jingine: kama hatuwezi kupiga kiwanda, basi tupige kitu kikubwa ambacho hatuwezi kukikosa. Agizo la 14 Februari 1942 liliweka kama lengo kuu ari ya raia wa adui, hasa wafanyakazi wa viwandani. Portal mwenyewe, huyuhuyu wa barua za subira, aliandika kuhakikisha inaeleweka kwamba mahali pa kulenga ni maeneo ya makazi, si bandari wala viwanda vya ndege. Siku nane baadaye Harris alikabidhiwa kamandi. Mwezi uliofuata Lindemann, mshauri wa sayansi wa Waziri Mkuu mpya, Churchill, aliandika waraka wenye hesabu za nyumba ngapi zingeweza kubomolewa na watu wangapi kubaki bila makazi, akidai kwamba kubomolewa nyumba kunavunja moyo kuliko hata kufiwa na jamaa.

Hapa nasita kila ninapofika. Nyumba ilikuwa imekwisha kuwa shabaha yenyewe, kwenye karatasi, kwa takwimu, na waliotia saini walikuwa watu wasomi, wapole mezani.

Njia ya kwanza: miji

Usiku wa 30 kuamkia 31 Mei 1942 Harris alipeleka ndege zaidi ya 1,000 Cologne kwa mkupuo mmoja. Waliokufa hawakufika 500, na magazeti ya Uingereza yalishangilia. Kilichoonyesha njia hii inaelekea wapi ni Hamburg.

Mashambulizi ya Hamburg yalianza 24 Julai 1943. Usiku ule wa kwanza Waingereza walimwaga angani vipande vya karatasi yenye bati ili kupofusha rada za Wajerumani, na hila hiyo ilifanikiwa kupita matarajio. Usiku wa 27 kuamkia 28 Julai zilirudi ndege zaidi ya 700. Ilikuwa siku ya joto kali, mvua haikuwa imenyesha, na wazima moto wengi walikuwa bado upande wa magharibi wakihangaika na moto wa siku tatu nyuma. Mabomu yaliangukia zaidi mashariki: Hammerbrook, Hamm, Rothenburgsort, mitaa ya wafanyakazi yenye nyumba za ghorofa zilizobanana. Mabomu makubwa yaling'oa mapaa na madirisha, na yale ya moto yakaingia ndani. Baada ya muda mfupi moto wa mtaa ulikutana na moto wa mtaa, hewa ya moto ikapanda juu, na hewa ya chini ikavutwa kutoka kila upande kwa nguvu ya kimbunga. Watu waliokimbia barabarani walinaswa kwenye lami iliyoyeyuka. Waliobaki kwenye mahandaki chini ya nyumba walikufa wengi bila kuguswa na mwali, kwa sumu ya moshi, wamekaa kama waliolala.

Katika mashambulizi yote ya Hamburg wiki ile walikufa watu wapatao 37,000, wengi wao usiku huo mmoja. Karibu watu milioni moja waliukimbia mji.

Lazima niwape wanaoitetea njia hii haki yao, kwa sababu hoja zao si za kijinga. Albert Speer, waziri wa silaha wa Hitler, alimwambia bosi wake baada ya Hamburg kwamba miji mingine sita ikipigwa hivyo, uzalishaji wa silaha utasimama. Ndege za kivita za Ujerumani ziliondolewa mbele ya Urusi kuja kulinda anga la nyumbani. Maelfu ya mizinga ya milimita 88, ambayo ingeweza kutoboa vifaru, ilielekezwa juu mawinguni, na mamia ya maelfu ya watu wakawekwa kuihudumia. Mapigo ya mwaka 1943 kwenye bonde la Ruhr yalisimamisha kwa miezi kadhaa ukuaji wa uzalishaji wa silaha uliokuwa ukipanda kwa kasi. Na kuna hoja isiyopimika kwa tani: mwaka 1942, wakati Wasovieti walikuwa wakifa kwa mamilioni na Uingereza haina jeshi Ulaya bara, ndege hizo zilikuwa kitu pekee ambacho Churchill angeweza kumwonyesha Stalin.

Nayakubali hayo yote, kisha natazama lengo lenyewe lililoandikwa, ari ya raia. Ndani ya miezi mitano Hamburg ilikuwa imerudisha kama asilimia 80 ya uzalishaji wake. Uzalishaji wa silaha wa Ujerumani nzima ulifika kilele Julai 1944, mara tatu ya mwanzoni mwa 1942. Wataalamu wa Marekani waliohoji raia baada ya vita walikuta kwamba ari ilishuka kweli. Watu walichoka, walikata tamaa, waliacha kuamini ushindi. Lakini walikwenda kazini. Mama aliyepoteza nyumba angeipeleka wapi hasira yake? Hakuna kura, hakuna gazeti, na Gestapo, polisi wa siri wa Nazi, yuko mtaani. Tena mkate, blanketi na chumba cha muda vilitolewa na chama kilekile cha Nazi, kwa hiyo aliyebomolewa alizidi kukitegemea.

Na Waingereza walikuwa na ushahidi huo mlangoni kwao. London ilipigwa usiku 57 mfululizo kuanzia 7 Septemba 1940. Raia kama 43,000 waliuawa Uingereza katika miezi ile, na nchi haikuomba amani. Kwamba watu wale wale waliona jirani zao wakifukuliwa kwenye kifusi, kisha kesho wakaamka na kwenda kiwandani, halafu wakaamini Mjerumani atafanya tofauti, hilo sijawahi kulielewa.

Gharama kwa waliotumwa nayo isisahaulike. Kati ya wanaanga 125,000 wa kamandi ile, 55,573 waliuawa. Wengi walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, waliojitolea kutoka Uingereza, Kanada, Australia, Poland na kwingineko. Usiku mmoja wa Nuremberg, 30 kuamkia 31 Machi 1944, ndege 95 hazikurudi. Harris alikuwa ameahidi kwamba kuiharibu Berlin kutaigharimu Uingereza ndege 400 hadi 500, na Ujerumani vita nzima. Ndege zilipotea zaidi ya hapo majira yale, na Berlin ikaendelea kufanya kazi.

Njia ya pili: mafuta na reli

Wamarekani walikuja Ulaya wakiwa na imani tofauti: kuruka mchana, juu sana, kwa makundi, na kupiga kiungo kimoja ambacho kikikatika mwili wote unaanguka. Mwanzo wao ulikuwa maafa. Walichagua beringi, kwa kuwa hakuna injini inayozunguka bila beringi, na nyingi zilitengenezwa Schweinfurt. Tarehe 17 Agosti 1943, siku waliyopiga Schweinfurt na Regensburg pamoja, walipoteza ndege 60. Tarehe 14 Oktoba walirudi Schweinfurt wakapoteza 60 nyingine kati ya 291, kila moja ikiwa na watu kumi. Wajerumani walikuwa na akiba, wakanunua Sweden na Uswisi, wakasambaza mashine, na viwanda havikusimama. Harris alicheka, na wakati ule alikuwa na haki ya kucheka.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa 1944, ndege ya kivita ya Mustang ilipopata tangi za ziada na kuweza kusindikiza ndege za mabomu hadi Berlin na kurudi. Kamanda wa Marekani, Carl Spaatz, aling'ang'ania mafuta. Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika, akijiandaa kutua Normandy, aliupa kipaumbele mpango wa reli za Ufaransa, lakini Spaatz akaruhusiwa kujaribu. Tarehe 12 Mei 1944 ndege zake zilipiga Leuna, Böhlen, Zeitz na viwanda vingine vya petroli ya makaa.

Tazama namba, kwa sababu hapa namba zinasema kitu. Viwanda hivyo vilikuwa vikitoa wastani wa tani 316,000 kwa mwezi mapigo yalipoanza. Juni vilitoa tani 107,000, na Septemba 17,000. Petroli ya ndege kutoka viwanda hivyo ilikuwa tani 175,000 Aprili. Julai ilikuwa 30,000, Septemba 5,000. Speer alisimulia baadaye kwamba siku ile ya Mei aliona vita vya viwanda vimekwisha, na kwamba alimwambia Hitler tumaini lao pekee ni wakuu wa anga wa adui kuwa wasahaulifu kama wao wenyewe, waache kurudia.

Hawakuacha. Leuna peke yake ilipigwa mara 22. Wajerumani waliweka watu hadi 350,000 kukarabati, kutawanya na kuchimba viwanda chini ya ardhi. Kila kiwanda kilipokaribia kuwaka tena, ndege ya picha ilipita juu, ikaona moshi wa bomba, na mabomu yakarudi. Matokeo yalionekana mbali na viwanda: ndege mpya kabisa zilikaa uwanjani bila petroli, marubani wanafunzi walipunguziwa saa za kuruka na wakapelekwa vitani wakiwa hawajui kutua vizuri, na vifaru vilivyoshambulia Ardennes, Ubelgiji, Desemba 1944 vilitumwa kwa mpango wa kuteka mafuta ya Wamarekani njiani. Reli nazo zilipokatwa vuli ile, makaa ya Ruhr hayakutoka, na viwanda vilivyosalia vikakosa cha kuchoma.

Msomaji wa kizazi cha Vita vya Kagera atakumbuka kwamba hesabu hii ilitufikia hata sisi. Machi 1979 ndege ya Libya ilitumwa kupiga matangi ya mafuta Mwanza. Ilikosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Ndege za Tanzania zikajibu kwa kupiga maghala ya mafuta Kampala, Jinja na Tororo. Laiti yule rubani wa Libya angeelekeza mkono wake kidogo tu, tusingekuwa tunahesabu swala. Ndiyo maana sisemi kwamba kulenga mafuta ni kinga ya raia.

Si kinga. Wataalamu wa Marekani wenyewe walikuta kwamba katika mashambulizi yaliyoitwa ya shabaha maalumu, ni kama asilimia 20 tu ya mabomu yaliyoangukia ndani ya mita 300 za mahali palipolengwa. Mengine yalikwenda kwa watu. Na waliokuwa ndani ya viwanda hawakuwa wote Wajerumani waliochagua kuwapo: kulikuwa na wafanyakazi wa kulazimishwa kutoka Poland, Urusi, Ufaransa, na kule Monowitz, karibu na Auschwitz, wafungwa wa kambi na wafungwa wa vita wa Kiingereza. Mabomu yalipoangukia Monowitz Agosti 1944 yaliwaua baadhi yao.

Kwa hiyo tofauti iko wapi

Kama raia wanakufa kwa njia zote mbili, mtu anaweza kusema tofauti ni ya maneno tu. Ninao mtihani mmoja wa kuipima, ambao wanaofundisha maadili ya vita wameutumia kwa namna mbalimbali. Chukulia kwamba jioni kabla ya shambulio wakazi wote wamepata habari, wakaondoka, mji ukabaki mtupu. Rubani amefika, ameangusha mabomu. Je, kazi imefanikiwa?

Kwa kiwanda cha Leuna jibu ni ndiyo, tena kamanda angefurahi. Kwa mtaa wa Hammerbrook, kulingana na agizo la Februari 1942, jibu ni kwamba nusu ya kazi imepotea. Hofu, uchovu na msiba wa watu ndivyo vilivyokuwa chombo. Njia moja inawaua watu waliokuwa karibu na lengo, na anayeitumia anawajibika kupunguza idadi yao kadiri awezavyo. Njia nyingine inawahitaji.

Sasa niende kwenye mkakati, ambapo naona mambo yanakutana. Mafuta yana tani. Portal aliweza kupata kila wiki makisio ya kiasi gani Ujerumani bado inazalisha, akajua lini arudi na lini aache. Ari ya raia haina kipimo cha namna hiyo. Ndiyo maana Harris, alipotakiwa kuonyesha mafanikio, alihesabu miji: 45 kati ya 60. Ukihesabu miji, ushahidi wa kwamba umefanikiwa ni mji mwingine, na kama adui hajasalimu amri, maelezo ni kwamba miji haijatosha. Hakuna siku ambayo mpango huo wenyewe ungemwambia kamanda inatosha. Ungekoma orodha ilipokwisha.

Churchill alijua kuhesabu raia alipotaka. Reli za Ufaransa zilipokuwa zikipigwa kabla ya Normandy, aliogopa chuki ya Wafaransa, akataka waliouawa wasizidi 10,000, akamwandikia Rais Roosevelt wa Marekani Mei 1944. Roosevelt alikataa kuwafunga mikono makamanda, na hesabu haikuwa kamili, lakini mazungumzo yalifanyika: stesheni hii iko katikati ya mji, iache, ile iko pembeni, ipige usiku wa leo. Kwa mji wa Kijerumani swali hilo halikuwa na mahali pa kuulizwa, kwani waliouawa walikuwa sehemu ya faida. Askofu George Bell wa Chichester alisimama katika Baraza la Malodi 9 Februari 1944 akaliuliza kwa sauti, huku akijua atachukiwa. Alichukiwa.

Jihadhari na jina

Kuna mtego kwa anayechagua upande wangu. Jina "shabaha ya kijeshi" linaweza kubaki kwenye karatasi wakati kitendo kimekwisha geuka. Ulaya huwa na mawingu miezi mingi, na Wamarekani walipiga mara nyingi kupitia mawingu kwa rada, ambayo iliweza kuutambua mji lakini si kiwanda. Wakaandika kwamba wamelenga yadi ya mabehewa. Karibu kila mji wa Ujerumani ulikuwa na yadi ya mabehewa, na mara nyingi katikati. Mchana wa 14 Februari 1945, Dresden ikiwa bado inaungua kwa mabomu ya Waingereza ya usiku, ndege za Marekani zaidi ya 300 ziliangusha yao kwenye moshi huo. Karatasi inasema zililenga yadi.

Japani ilikuwa mbaya zaidi. Haywood Hansell, jenerali wa Marekani na muumini wa shabaha maalumu, aliondolewa Januari 1945 kwa kukosa matokeo, nafasi yake akapewa Curtis LeMay. Usiku wa 9 kuamkia 10 Machi ndege 279 ziliimwagia Tokyo mabomu ya moto, na watu wapatao 100,000 wakafa. Nchi ni ileile iliyokuja Ulaya ikisema haipigi raia.

Kwa hiyo usichague kwa jina. Dai mambo mawili kabla ya kukubali shambulio lolote, liwe la jana au la vita vinavyoendelea leo. Kwanza, ni kitu gani hasa kikiharibika kazi itakuwa imekwisha? Pili, nani anahesabu raia, na idadi gani itamfanya aseme hapana? Sheria ya sasa imekaribia hapo: Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva, inakataza kuuchukua mji wenye shabaha kadhaa tofauti na kuupiga kana kwamba wote ni shabaha moja. Mwaka 1945 hakuna aliyeshtakiwa kwenye mahakama ya Nuremberg kwa kupiga miji, kwa sababu zinazoeleweka: washindi nao walikuwa wameipiga.

Na mwaka 1942?

Swali gumu kweli ni hili, na sitaki kulikwepa. Mwaka 1942 njia ya mafuta haikuwapo. Hakukuwa na Mustang ya kusindikiza hadi mbali, wala ndege ya kuona usiku. Je, si kweli kwamba ilikuwa miji au kukaa bure?

Hapana. Ilikuwako kazi ya tatu. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zinazamisha meli za chakula na mafuta katikati ya Atlantiki, mahali ambapo ndege za doria hazikufika. Jeshi la Majini liliomba ndege kubwa za masafa marefu mwaka mzima, na Harris alipinga kila moja iliyoondolewa kwenye miji. Zilipopatikana hatimaye, kwa makumi tu, pengo lile lilizibwa, na Mei 1943 pekee Ujerumani ilipoteza nyambizi 41. Anayesema hapakuwa na la kufanya isipokuwa kuchoma Lübeck na Rostock aieleze hiyo. Ninaweza kuelewa hofu ya mwaka 1940, Uingereza ikiwa peke yake na uvamizi uko mlangoni. Lakini kwa mwaka 1942 sioni, na kwa mwaka 1945 hata hofu yenyewe haipo.

Portal hakumwondoa Harris. Harris alikuwa maarufu mno, na watu wake walimpenda. Portal akamwacha, akijua kwamba Harris hakubaliani na amri aliyopewa. Tarehe 13 Februari 1945 Dresden iliungua. Waliokufa walifika hadi 25,000. Tarehe 23 Februari ikawa Pforzheim, mji mdogo ambao karibu watu 17,600 waliuawa. Tarehe 16 Machi, Würzburg. Tarehe 28 Machi Churchill aliandika waraka akisema wakati umefika wa kufikiri upya kuhusu kupiga miji kwa ajili tu ya kuongeza hofu, hata kama zinatolewa sababu nyingine. Wakuu wa anga walikasirika, naye akauondoa, akaandika mwingine uliolainishwa.

Usiku wa 14 kuamkia 15 Aprili, wiki tatu kabla ya vita kwisha, zilipelekwa ndege 500 Potsdam. Siku nne baadaye Churchill aliwauliza waziri wake wa anga na Portal kulikuwa na maana gani ya kwenda kuiangusha Potsdam. Portal alijibu kwamba kulikuwa na taarifa kuwa makao ya jeshi la anga la Ujerumani yamehamishiwa huko.